Redieta ya gari la zamani haiuzwi kwa kilo

(Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wetu wa wenye magari ya zamani hapa Mombasa. Watu wengi waliomba niyaandike, basi nimeyaandika vile yalivotoka mdomoni, na maswali ya mwisho nimeyatia pia.)

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo? Wazee wangu shikamooni. Naona nyuma kule kuna watu wa Beetle, sasa nyinyi mumefuata nini hapa, injini yenu yapozwa na upepo, redieta hamna, machungu yetu hamuyajui. Lakini kaeni, biriani ipo.

Nimeambiwa niongee kuhusu kupata redieta ya gari la zamani, ama kuifufua ile uliyonayo. Sasa lile kubwa nitalisema mwanzo manake najua nikiliweka mwisho nusu yenu mutakuwa mushaenda kula: hiyo redieta yako iliyokufa, ile inavuja kila upande mpaka imekuwa kijani, usimpe mtu wa vyuma chakavu. Usimpe kabisa. Hata akikuongezea bei.

Mwajua inavokuwa. Gari lachemka, fundi asema redieta imekwisha, aitoa aiegemeza ukutani hapo gereji, halafu kijana wa mkokoteni apita aiona, shaba tupu hiyo, na shaba ina pesa, yapimwa kwa kilo yaenda. Wiki inayofuata mwenye gari ndo aanza kuzunguka, Kongowea, Shimanzi, Changamwe, kila duka aulizwa "gari gani?" akisema Peugeot 404 watu wanacheka. Kile alichouza kwa kilo ndo kile anachokitafuta! Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya ule umeme kupotea nchi nzima, ikaja kufunguliwa Mei, basi ile miezi kidogo redieta zilipumua. Baada ya hapo ni yale yale.

Sasa sikilizeni kwa nini nasema hivi. Redieta ya zamani ni vitu viwili vilivyoshikanishwa kwa lehemu. Kuna kori, ile sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi, yale makaratasi membamba ya shaba yanayopitisha upepo. Na kuna matangi, la juu na la chini, pamoja na shingo ya kifuniko, midomo ya hosipaipu, na yale masikio ya pembeni ya kufungia bolti. Kori ndo inayokufa mara nyingi, na kori inaweza kutengenezwa nyingine, manake mwisho wa siku ni mirija na mapezi yaliyokatwa kwa saizi. Lakini tangi limefinyangwa kwa gari lako, limepinda pale feni inapopita, shingo imekaa pale boneti inaporuhusu. Hilo hupati dukani. Ukiwa na matangi mazima una redieta, ukiwa huna basi unaanza na karatasi tupu.

Na msitegemee kwamba meli italeta. Sheria yetu ya magari mitumba ni miaka minane, gari lililozidi hapo halishuki bandarini Kilindini, kwa hivyo zile gari za kuchinjwa vipuri tunazoona ni za juzi juzi. Peugeot 504 angalau tulikuwa na bahati, ziliunganishwa hapa hapa Miritini, kwenye kiwanda cha AVA, na ziliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa wenyewe kusimamisha gari lao la saluni mwaka 1983, ndo maana mpaka leo ukiuliza uliza vizuri unaweza kupata tangi la 504 limelala chini ya meza ya mtu. 404 ndo shida. Gari limeshinda Safari Rally mwaka 1963, likarudi likashinda 1966, 1967 na 1968, leo kupata kipande chake ni kama unatafuta bibi harusi aliyekimbia.

Haya. Lakini kabla hujafika huko, hebu hakikisha redieta yenyewe ndo mkosa. Mafundi wengi gari likichemka tu wanarukia redieta. Mimi nauliza swali moja: lachemka wapi? Likichemka kwenye foleni ya ferry Likoni, umesimama, jua la Februari, halafu ukianza kutembea geji yashuka, hapo mara nyingi ni upepo. Feni haizunguki inavyotakiwa, mkanda umelegea, ama mtu alitoa lile bati la kuzunguka feni akalitupa akasema halina kazi. Lina kazi, bila lile bati, feni inajizungushia hewa yake yenyewe badala ya kuivuta kupitia kwenye kori. Wenye 404 na 504, feni yenu ina sumaku ya umeme, inashika ikipata joto na kuachia ikipoa, na ndani kuna kaboni kidogo inayokwisha. Nshaona watu wamebadilisha redieta nzima na kumbe ni ile kaboni.

Lakini kama Likoni uko sawa, na unachemka ukipanda mlima wa Mazeras na gari limejaa, hapo ni maji. Maji hayapiti ya kutosha kwenye mirija, imeziba, ama hosipaipu ya chini inanyonywa inajifinya kwa sababu ile springi ya ndani imeoza na hakuna anayeijua. Ifinye kwa mkono, ukiona laini kama soksi badilisha kabla ya kitu kingine chochote. Na ukifungua kifuniko injini ikiwa baridi, uwashe, uone mapovu yanakuja mfululizo kila ukikanyaga mafuta, basi acha redieta ipumzike, hiyo ni gasketi ya hedi na ni hotuba ya siku nyingine.

Kama unaweza kuazima kile kibunduki cha kupimia joto (si kile cha homa cha wakati wa korona, kile cha mafundi wa friji na AC, kinachofika juu) basi gari likiwa la moto pita nacho taratibu juu ya kori. Joto linatakiwa kupungua polepole kutoka upande maji yanapoingia kwenda yanapotoka. Ukikuta kiraka katikati kimekuwa baridi ghafla, hapo mirija imeziba.

Sasa redieta zetu zinakufa vipi hapa Mombasa, manake hapa zinakufa kwa namna yake. Kwanza ni maji ya kisima. Jamani. Watu wanatia redietani maji yale yale ya chumvi ambayo chai yenyewe hawapikii. Mirija na matangi ni shaba ya njano, na shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki pamoja, sasa ile chumvi ikikaa ndani na moto kila siku inaitoa zinki kidogo kidogo mpaka inabaki shaba yenye vitundu, rangi imekuwa ya waridi, ukiigusa kwa bisibisi inamomonyoka. Fundi akikuonyesha hivo usimwambie akulehemu, lehemu itashika wapi? Pili ni ule upepo wa bahari, huu unakula kwa nje, pale pezi linapokutana na mrija. Redieta unaiona nzima haivuji hata tone, kumbe mapezi yameachana na mirija, ukipitisha kidole yanaanguka unga. Gari lachemka na kila mtu anaapa redieta ni nzima. Mapezi yakishaachana joto halina njia ya kutoka, basi.

Tatu ni sisi wenyewe na dawa zetu. Kuna anayetia yai, kuna anayetia manjano ya jikoni, kuna anayetia ile poda ya kuziba ya dukani. Mimi siwakatazi kama uko Mtito Andei usiku na watoto, tia, ufike. Lakini ukifika nyumbani mwaga usafishe, manake ile dawa haijui tundu la kuvuja na mrija wa kupita, inaziba vyote.

Sasa tuje kwenye kuifufua. Hapa nitakaa kidogo.

Fundi mzuri kwanza anaitia maji na upepo. Anaziba midomo yote, anaingiza hewa kwa presha ndogo, anaizamisha kwenye karai ama pipa lililokatwa, mapovu yanaonyesha. Muulize presha ngapi. Redieta iliyoundwa kwa kifuniko cha kushika presha ya paundi 7 ukiipiga upepo wa tairi, yani paundi 30, utaipasua mwenyewe halafu utaambiwa ilikuwa mbovu. Kama uvujaji uko kwenye mshono wa tangi tu, inalehemiwa na kazi imeisha. Kama ni mirija miwili mitatu wengine wanaibana na kuiziba, inakubalika kwa gari la kutembelea mjini, ingawa kila mrija unaouziba ni upozaji umepunguza.

Kama imeziba, tangi la juu linatolewa. Lehemu ya risasi na bati inayeyuka kwenye nyuzijoto 183 hivi, kwa hivyo moto wa wastani unatosha, mtu anayekuja na moto mkali wa gesi akaufungulia wote mpaka shaba inakuwa nyekundu mzuie, analipinda bamba, lile bati ambalo mirija inaingia, na kulegeza mirija ambayo haikuwa na kosa. Tangi likishatoka unaiona mirija yote juu juu, zingine nyeupe zimejaa chokaa, hapo wanapitisha rodi nyembamba bapa mrija mmoja mmoja, polepole. Hii kazi ni ya subira na vijana hawaipendi. Redieta ya kwanza ya namna ya sega la nyuki, aliyoiunda Wilhelm Maybach kwa Mercedes ya 1901, ilikuwa na vijirija 8,070, sasa ukimuona fundi wako analalamika kwa vyako vichache mwambie hiyo.

Lakini kama mapezi ni unga na mirija imekuwa waridi, hapo ni kori mpya ndani ya matangi ya zamani. Na hapa ndo nataka mwenye gari uwepo, usiache tu gari na kwenda zako. Pima kori ya zamani kabla haijavunjwa: urefu, upana na unene. Hesabu safu za mirija ukiangalia kwa juu, ni mbili, tatu ama nne. Angalia mapezi yamebanana kiasi gani. Fundi atakwambia tuongeze safu moja ipoe zaidi, na kwetu hapa na hili joto si wazo baya, ila kumbuka kori ikinenepa inasogea kwa feni, na upepo nao unapita kwa shida zaidi. Kipimo cha kutoka feni mpaka kori kichukue kwenye gari, si kwa kukisia. Mtu mwengine anachukua kori ya redieta ya pikapu ama ya lori dogo iliyo ya shaba, anaikata iingie kwenye matangi yake. Ni sawa kabisa, bora mirija iingie kwenye bamba ama bamba nalo libadilishwe. Usikubali wakupe mirija michache iliyoachana achana ikijaza nafasi, ukitizama kwa mbele yaonekana nzuri, ukipanda Mazeras utajua.

Kuhusu ile asidi. Mafundi wetu wengi wanachukua asidi ya chumvi wanaiyeyushia zinki, ile ganda la betri kavu, ndo inasafisha shaba lehemu ishike. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini lazima ioshwe baadae kwa maji mengi na magadi kidogo, ndani na nje, manake ikibaki pale kwenye mshono inaendelea kula, na baada ya miezi unaona ule unga wa kijani na mweupe unasema lehemu mbaya kumbe ni uoshaji. Na ule moshi wa risasi si wa kuvuta, kazi ifanywe nje, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wasisimame pale kutizama.

Bei sitasema, inapanda na kushuka na shaba yenyewe. Nitasema tu patana mapema, na ile pesa ya mwisho itoke baada ya redieta kuzamishwa mbele ya macho yako bila povu.

Kuna wanaosema achana na shaba weka ya alumini. Sina ugomvi nao. Shaba inapitisha joto zaidi kuliko alumini, lakini alumini ni nyepesi na mirija yake inaweza kuwa mipana, kwa hivyo ikiundwa vizuri inapoza sawa ama zaidi. Shida ni kwamba ikipasuka fundi wa lehemu haiwezi, yataka mtu wa kuchomelea alumini kwa gesi maalum, na zile zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa na raba ndo kabisa, plastiki ikizeeka inapasuka na gundi haidumu. Na gari lenye waya mbovu wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, umeme unatafuta njia kupitia kwenye maji na alumini ndo inaliwa kwanza. Mimi kwa gari la kabla ya miaka ya themanini nabaki na shaba. Hayo ni yangu.

Kifuniko sasa, haraka haraka. Maji hapa usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100. Nairobi, kwa ule urefu wake, yanachemka kama 94 tu. Kwa hivyo unaweza kutoka hapa uko sawa na kifuniko kibovu, geji haijapanda hata kidogo, ukafika Athi River, karibu na Nairobi, maji yanaruka. Kifuniko kizima kinashika presha ndani na maji yanachelewa kuchemka: cha paundi 4 kinakufikisha kama 107, cha 7 kama 111, cha 15 kama 121. Hapo mtu anasema basi natia cha 15! Hapana shekhe. Redieta iliyoundwa kwa 4 mishono yake haikujengwa kwa 15, utafungua kila kitu, pamoja na ile redieta ndogo ya hita ambayo hujawahi kuitumia tangu ununue gari. Tia kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na kina cha shingo kiwe sawa, kuna kirefu na kifupi, ukichanganya raba haikai chini na presha haishiki kabisa.

Maji ya kutia: yale ya betri ya kuongeza, na nasema ya kuongeza, si ile asidi, soma chupa. Ama ya mvua uliyokinga baada ya paa kuoshwa kwanza. Pamoja na kulanti, ile dawa ya kuzuia maji kuganda. Mtu asikwambie kulanti ni ya Wazungu wa barafu, sisi hatuna barafu ni kweli, lakini ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu na hiyo tunaihitaji kuliko wao. Nusu kwa nusu si lazima hapa, manake kulanti nyingi inabeba joto kidogo kuliko maji, theluthi moja yatosha. Chagua ile inayosema inafaa shaba na lehemu. Na magari yasiyo na chupa ya akiba usijaze mpaka shingoni, acha kama vidole viwili chini, maji yakipata moto yanataka pa kukua, usipoacha yatajitafutia yenyewe kule chini kwa ule mpira mdogo halafu uje useme gari lanywa maji.

Maswali yalikuja mengi, naandika mawili.

Kijana mmoja wa Datsun aliuliza apake rangi gani redieta ikishatengenezwa. Nikamwambia nyeusi isiyong'aa, na nyembamba sana, ya kupuliza, mkono mmoja tu upite. Rangi nzito ya brashi inakaa kwenye mapezi kama blanketi la joto. Ukitaka tangi ling'ae shaba yake waachie wenye magari ya maonyesho, huku kwetu utakuwa unasugua kila Ijumaa.

Na mzee mmoja, huyu alikaa kimya mpaka mwisho, akasema: mwanangu yote umesema, lakini mimi nshaiuza. Nikamuuliza lini, akasema wiki iliyopita. Basi mzee wangu, nikamwambia, kesho asubuhi rudi kwa yule kijana, umuulize aliipeleka yadi gani, uende mwenyewe, manake wanakusanya kwanza kabla ya kupakia, na umlipe bei yake ya kilo na kitu juu usibishane. Ukikuta imeondoka, kuna mafundi wa shaba wanaoweza kukukunjia tangi kwa bati la shaba ya njano, likawa na mraba mraba si kama la kiwandani lakini litashika maji. Usiende mikono mitupu. Pima ile nafasi kwenye gari, kutoka bolti mpaka bolti, kutoka boneti mpaka chini, na zile hosipaipu za zamani mbili, hata kama zimechanika, uziweke kwenye mfuko uende nazo.